Siku Nane Nikiitafuta Cheltenham

Jumamosi

Treni ilituchukua uwanja wa ndege wa Philadelphia, ikapita chini ya jiji, ikachomoka upande wa kaskazini, na muda si muda mpwa wangu akaniambia tushuke. Nikatazama huku na huku. Miti iliyogeuka manjano na nyekundu, maduka machache, nyumba za mawe zenye vibaraza.

"Huu ndio mji wa Cheltenham?"

Akacheka. "Hapa panaitwa Glenside, Mjomba."

"Basi Cheltenham iko wapi?"

"Si ndiyo hii hii."

Nimekuwa naibu wa chifu kwa miaka 21 kule Vihiga, na mtu aliyezoea kugombanisha na kupatanisha watu juu ya mipaka haridhiki na jibu kama hilo. Tulipofika nyumbani kwake, kabla hata ya chai, nikamwomba ramani. Akanionyesha kwenye simu. Cheltenham ni taunishipu, yaani eneo lenye serikali yake ndogo, la takriban kilomita 23 za mraba na watu zaidi ya 37,000. Ndani yake mna vijiji: Glenside, Wyncote, Elkins Park, Melrose Park, La Mott na vingine. Vijiji hivyo havina ofisi, havina mwenyekiti, havina hata mpaka unaoeleweka. Nusu ya Glenside imo Cheltenham na nusu nyingine imo taunishipu jirani ya Abington. Jina la Glenside huandikwa kwenye barua tu. Kodi huenda kwingine.

Tulikula ugali wa unga mweupe wa dukani na majani ambayo watu weusi wa huku hupika kwa nyama, nasi tukayakaanga kwa kitunguu. Ni sukuma wiki mtupu, ila huku wanaionea fahari kuliko sisi.

Kabla ya kulala nilijiandikia hesabu moja. Jimbo la Pennsylvania lina kaunti 67, na kila inchi ya ardhi katika kaunti hizo imo ndani ya jiji, mji mdogo au taunishipu fulani. Hakuna kipande kilichoachwa wazi. Kaunti hii ya Montgomery peke yake ina serikali za aina hiyo 62. Kenya nzima ina serikali za kaunti 47.

Jumapili

Mimi ni Rafiki, yaani Quaker, mtoto wa Marafiki, na babu yangu aliingizwa katika jina hilo na wamishonari waliofika Kaimosi mwaka 1902. Kenya leo ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo nilipojua kwamba kuna nyumba ya ibada ya Abington karibu, pale Jenkintown, na kwamba ni ya zamani za Wiliamu Penn mwenyewe, Rafiki aliyeanzisha Pennsylvania, sikutaka mahubiri ya kwingine.

Mahubiri hayakuwapo. Tuliketi kwenye mabenchi tukakaa kimya. Nilingoja wimbo wa kufungulia. Baada ya robo saa nikaanza kumtafuta mchungaji kwa macho. Hayupo, hawana. Ilipofika nusu saa hivi mama mmoja akasimama, akasema sentensi tatu kuhusu subira, akaketi, kimya kikarudi kama maji ya ndoo yanavyotulia. Kwetu Kaimosi ibada bila kwaya tatu na mahubiri ya saa nzima watu wangeuliza kama kuna msiba. Wamishonari waliotujia walitoka upande mwingine wa Marafiki wa Marekani, wale wenye wachungaji na tenzi, kwa hiyo tawi letu halikuonja kimya hiki. Nakiri kwamba dakika ishirini za mwisho zilinipendeza.

Nje, makaburini, wakanionyesha jiwe dogo la Benjamin Lay na mkewe Sarah. Lay alizaliwa Uingereza mwaka 1682, akaishi Barbados, akaona jinsi watumwa walivyotendwa, na alipofika huku akawakuta Marafiki wenzake nao wanamiliki watu. Alikuwa mfupi, mwenye kibyongo, na mdomo wake haukuwa na breki. Mwaka 1738, kwenye mkutano wa mwaka kule Burlington, alisimama na kitabu alichokitoboa ndani na kuficha kibofu cha maji mekundu ya matunda, akakichoma kwa upanga, akawarushia wenye watumwa "damu". Wakamtoa nje. Marafiki wa Abington nao walimfuta uanachama. Jiwe lile liliwekwa mwaka 2018, baada ya mkutano wa Abington kukiri kwamba yeye alikuwa wao. Alikufa mwaka 1759. Miaka mia mbili na hamsini na tisa si haraka, lakini nimeona maridhiano ya mashamba yaliyochukua muda wa kukatisha tamaa vilevile.

Jumatatu

Leo nilikwenda kuangalia mwanzo wa kitu chenyewe: nyumba ya Richard Wall, Elkins Park. Nyumba ya mawe, si kubwa, imekaa chini ya barabara kama mzee aliyekataa kuhama. Sehemu yake ya kale inahesabiwa tangu 1682. Mwaka huo Marafiki kumi na watano walinunua kwa Penn ekari zaidi ya 4,000, na kwa kuwa Wall na wenziwe kadhaa walitoka upande wa Cheltenham ya Uingereza, jina likaja nao. Kabla yao ardhi ilikuwa ya Walenape, na mto unaopita hapa, Tookany, bado una jina la lugha yao. Marafiki walikuwa wakikutana kuabudu nyumbani kwa Wall kabla ya kujenga nyumba ya ibada. Leo nyumba ni mali ya taunishipu.

Nilikaa kwenye benchi ya bustani nikajipangia miaka, kwa sababu bila miaka mpaka huu hauna maana. Mwaka 1711 ilipimwa barabara ya York, ambayo bado ndiyo uti wa mgongo wa hapa. Mwaka 1784 Kaunti ya Montgomery ilikatwa kutoka Kaunti ya Philadelphia, na Cheltenham ikaangukia upande wa kaunti mpya. Hilo lilionekana jambo dogo. Miaka sabini baadaye, 1854, jiji la Philadelphia lilimeza taunishipu zote zilizosalia ndani ya kaunti yake: Germantown, Bristol, zote zikawa mitaa ya jiji kwa sheria moja. Cheltenham haikumezwa, kwa sababu tu mstari wa 1784 ulikuwa umeiacha nje. Mwaka uliofuata reli ikafika, na matajiri wa jiji wakagundua kwamba wanaweza kulala huku na kufanya kazi kule.

Sheria ya jimbo ya 1899 ikagawanya taunishipu katika madaraja mawili kulingana na wingi wa watu kwa eneo. Mwaka 1900 Cheltenham ikawa ya daraja la kwanza, na miaka ya 1970 wapiga kura wakapitisha katiba yao wenyewe ya ndani. Katiba ya eneo la watu 37,000! Nimeishi kwenye kata yenye watu wengi kuliko hao, na hati pekee tuliyokuwa nayo ofisini ilikuwa barua ya kuniteua mimi.

Jumanne

La Mott. Hapa nilikuja kwa miguu na nilikaa mpaka jua likashuka.

Ukitazama ni kijiji cha barabara chache, nyumba mbili mbili zilizoungana, kanisa la AME, la Wamethodisti weusi, bustani ndogo, paka juu ya ukuta. Lakini kuanzia katikati ya 1863 hadi 1865, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, hapa palikuwa na Kambi ya William Penn, kambi ya kwanza na kubwa kuliko zote za serikali ya Marekani kwa ajili ya kuwafundisha wanajeshi weusi. Karibu watu 11,000 walipita hapa, vikosi 11. Wengine walikuwa huru tangu kuzaliwa, wengine walikuwa wametoroka utumwani miezi michache kabla.

Nilijaribu kuwapanga kichwani: watu 11,000 juu ya ardhi ambayo leo mtoto mmoja anaendesha baiskeli. Ardhi ilikuwa ya Edward M. Davis, mkwe wa Lucretia Mott. Mott alikuwa Rafiki, mpinga vita, na mpinga utumwa maarufu. Aliishi jirani kabisa, katika nyumba iliyoitwa Roadside. Hapo ndipo kisa kinaponishika. Mwanamke ambaye dini yake inakataza bunduki anaamka kila asubuhi akisikia maelfu ya watu wakifundishwa kupiga bunduki, kwa ajili ya jambo alilolipigania maisha yake yote, juu ya ardhi ya mkwewe. Sisi Marafiki tunapenda kusema msimamo wetu uko wazi. Siku zile, hapa, haukuwa wazi hata kidogo.

Askari wale waliahidiwa kazi ya askari, lakini walilipwa dola 10 kwa mwezi, na kati ya hizo 3 zilikatwa kwa ajili ya nguo, huku mweupe akipata 13. Bunge lilisawazisha mishahara Juni 1864, na kufikia hapo wengi walikwisha kufa. Kikosi cha 8 kilipelekwa Florida, na kule Olustee, Februari 1864, kilipukutika. Kikosi cha 6 kiliruhusiwa kupita mitaani Philadelphia kwa gwaride Oktoba 1863, na mwaka uliofuata, kule New Market Heights, sajini wake wawili weusi, Thomas Hawkins na Alexander Kelly, walifanya yaliyowapa Nishani ya Heshima. Harriet Tubman, aliyetoroka utumwani na kuwatorosha wengine, alikuja kuzungumza na wanajeshi kambini Aprili 1865, siku chache kabla ya vita kwisha. Kwa kulinganisha tu: soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, miaka minane baadaye.

Vita vilipokwisha kambi ilivunjwa na Davis akauza viwanja. Waliuziwa watu weusi na Waayalandi, bega kwa bega, jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule. Kijiji kiliitwa Camptown. Posta ikasema kuna Camptown nyingine jimboni, tafuteni jina. Mwaka 1885 kikaitwa La Mott, kwa heshima ya mama yule aliyekufa mwaka 1880. Wazee hapa wanasimulia kwamba baadhi ya nyumba za mwanzo zilijengwa kwa mbao za mabweni ya askari. Mzee mmoja niliyemkuta anafagia mbele ya lango lake aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akasema, "Basi umefika kwa jamaa." Hakusema zaidi, akaendelea kufagia.

Jumatano

Siku niliyoisubiri: mkutano wa makamishna, baraza linaloongoza taunishipu. Mpwa wangu alikuwa na zamu ya usiku hospitalini, akaniacha mlangoni kwenye jengo la taunishipu, barabara ya York, akasema, "Mjomba, usiombe kuhutubia."

Makamishna ni saba, kila mmoja wa wadi yake, wanachaguliwa kwa miaka minne kwa zamu ili wasiondoke wote kwa pamoja. Hakuna meya. Hao saba wanamchagua mmoja wao kuwa rais wa baraza, na wanamwajiri meneja anayeendesha kazi za kila siku: polisi, barabara, takataka, bustani. Meneja si mwanasiasa; ni mwajiriwa, na wanaweza kumwachisha. Nilipomweleza jirani yangu wa kiti kwamba kwetu naibu wa chifu huteuliwa na serikali ya kitaifa, na mwananchi hana kura juu yake, alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba mvua kwetu hunyesha kwenda juu.

Ukumbini tulikuwa watu labda kumi na watano. Kwa baraza langu la Alhamisi chini ya mkuyu hiyo ingekuwa aibu, nisingeanza. Hapa walianza kwa dakika ileile iliyoandikwa. Sheria ya jimbo, wanayoiita ya Mwanga wa Jua, inawakataza kupiga kura zao faraghani na inawalazimu kumpa mkazi nafasi ya kusema. Kwa hiyo wakazi walipanga foleni kwenye kipaza sauti. Mmoja alitaka alama ya kusimama kwenye njia panda. Wa pili alizungumzia mto Tookany na maji yanayofurika. Wa tatu alikuwa na mti. Mti ule ulichukua dakika nyingi kuliko hoja nyingine yoyote: mizizi yake, tawi lake, kivuli chake, nani aliupanda. Nilijisikia nyumbani kabisa. Nimeamua kesi za mti mara ngapi? Tofauti ni kwamba mimi ningemaliza palepale, kwa sauti, na watu wakaenda nyumbani. Hapa ulipelekwa kwenye kamati.

Jambo lililonishangaza kuliko yote nililipata kwa yule jirani wa kiti baada ya mkutano. Shule haziko chini ya makamishna hata kidogo. Kuna bodi nyingine, watu tisa, wanaochaguliwa nao pia, wasiolipwa hata senti, na mpaka wa wilaya yao ya shule ni ule ule wa taunishipu. Na ndio wanaochukua sehemu kubwa ya kodi ya nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba ana serikali mbili juu ya ardhi ileile, moja ya barabara na nyingine ya darasa, kila moja ikimwandikia hati yake, na kaunti juu yao ikiwa ya tatu. Zimamoto nazo ni za vyama vya kujitolea, jirani wa kawaida wanaokimbia kazini kwao king'ora kinapolia.

Mwaka huu ni wa namba witiri, nao ni mwaka wa uchaguzi wa ngazi za chini. Uchaguzi wa rais na bunge huwa miaka ya shufwa. Nyasi za mbele za nyumba zimejaa vibao vya wagombea. Na sikia hili: hata msimamizi wa kituo cha kupigia kura huchaguliwa. Wapiga kura wa mtaa humpigia kura mtu atakayesimamia kura zao. Nilimwuliza jirani, "Na nani husimamia kura ya kumchagua msimamizi?" Akacheka sana, lakini hakunijibu.

Alhamisi

Mvua. Nimekaa dirishani nikitazama majani yakishuka. Kila mwenye nyumba ameyakusanya hadi ukingo wa barabara, yanangoja gari. Nimeandika barua mbili. Mpwa wangu amelala mpaka saa nane.

Ijumaa

Mvua imekwisha, nikapanda basi mpaka Elkins Park kuona kilichobaki cha matajiri.

Lynnewood Hall imesimama nyuma ya uzio wa chuma, jumba la vyumba 110 lililojengwa miaka ya mwisho ya 1890 kwa ajili ya Peter Widener, aliyeanza kama mwuza nyama na kutajirika kwa reli za mjini. Msanifu wa jengo alikuwa Horace Trumbauer. Mwana wa Widener na mjukuu wake walikufa kwenye Titanic mwaka 1912. Mzee akafa humu ndani mwaka 1915. Picha zao za kuchora zilipelekwa Washington, seminari ikachukua jumba mwaka 1952, kisha likaanza kuoza. Mwaka 2023 wakfu ulioundwa kwa ajili ya kulihifadhi ulilinunua. Nilisimama langoni na mama mmoja mwenye mbwa. Alisema tangu utotoni amekuwa akilitazama kupitia chuma hizo hizo na hajawahi kuingia.

Watoto wa leo hapa wana kitu kinachowafaa zaidi. Cyrus Curtis, mchapishaji wa magazeti, alikuwa na shamba Wyncote. Jumba lake lilibomolewa, na shamba sasa ni bustani ya miti ya taunishipu, haina kiingilio. Nilipita hapo nikirudi. Watoto walikuwa wakijiviringisha mlimani wakiwa wamevaa makoti.

Kwenye barabara ya York pia kuna sinagogi la Beth Sholom, lililochorwa na msanifu majengo maarufu Frank Lloyd Wright, ambaye alikufa miezi michache kabla halijazinduliwa mwaka 1959. Ni kama hema la kioo lililopandwa juu ya kilima, au mlima wenyewe. Jioni taa zikiwashwa ndani linang'aa lote. Mtu hahitaji kujua dini yoyote ili asimame kidogo.

Jumamosi

Kesho naondoka. Asubuhi nilimwambia mpwa wangu kwamba sijauona mpaka kwa macho yangu, na naibu wa chifu hawezi kurudi nyumbani akasimulia eneo ambalo hakulizunguka. Akanipeleka Cheltenham Avenue. Upande mmoja wa lami ni taunishipu, upande wa pili ni jiji la Philadelphia. Ni mstari ule ule wa 1784. Hakuna kizuizi, hakuna mlinzi, magari yanapita, na ukiangalia nyumba za pande zote mbili huwezi kutofautisha.

"Sasa utajuaje?" akaniuliza.

Nikasema tununue soda.

Tukanunua chupa moja upande wa Cheltenham, tukavuka, tukanunua nyingine ya aina ileile upande wa jiji. Kodi ya mauzo ya kwanza ilikuwa asilimia 6. Ya pili ilikuwa 8, kwa sababu jiji huongeza 2 zake, na tangu Januari 2017 jiji pia linatoza vinywaji vitamu senti moja na nusu kwa kila aunsi, na wauzaji huipitisha kwenye bei. Mpwa wangu akaongeza kwamba yeye, kwa kuwa hospitali yake iko ndani ya jiji, hukatwa pia zaidi ya asilimia 3 ya mshahara wake kwa ajili ya jiji asilolala wala kupigia kura.

"Na wewe huchukii?"

"Nachukia kila mwisho wa mwezi, Mjomba. Halafu nazoea."

Tulikaa kwenye kituo cha basi tukanywa zote mbili. Nimebandika risiti kwenye ukurasa huu, ya Cheltenham juu, ya jiji chini, na katikati nimepiga mstari kwa rula.